Mapengo ya Milembe

Mwaka 1995 nilikuwa na miaka kumi na minne ya ualimu, na hamu ya kazi iliyobaki isingejaza kijiko. Chuo chetu cha maendeleo ya wananchi, hapa Bariadi, kilikuwa kimeambiwa kijitegemee, na mkuu wa chuo aliona riziki iko kwenye udereva. Wanafunzi wa udereva walilipa. Wangu wa kuandika, watu wazima walioacha shule darasa la nne, walileta mahindi. Mkuu alikitaka chumba chao kwa ajili ya udereva. Akaniagiza kwamba atakayeshindwa kuandika ukurasa mmoja wa hadithi kufikia Ijumaa, nimpe jina lake aondolewe.

Sikubisha. Nilikuwa nimechoka kubisha.

Milembe, mjane kutoka Migato, ndiye aliyenichosha kuliko wote. Niliwaambia waandike kisa cha nyumbani, na kila mtu ndani ya kisa awe na jina. Yeye akaleta nusu ukurasa wenye mapengo. Nani aliamka, nani alichukua jembe, nani alikataa, hakuna. Nikazungushia kila pengo wino mwekundu, nikaandika: maliza sentensi. Mara ya pili, mapengo yale yale. Mara ya tatu sikusahihisha. Alhamisi asubuhi niliandika jina lake kwenye karatasi ya mkuu.

Mchana alikuja, akanisalimu kwa Kisukuma, mwadila, huku akipiga goti kidogo, akaomba aonyeshwe kosa lake. Nikamwonyesha mapengo.

"Hapo ni baba mkwe, mwalimu," alisema. "Jina lake silitaji. Hata kuliandika ni kulitaja."

Mimi ni mtu wa Karagwe. Miaka sita nimekaa na Wasukuma, nimekula ugali wao, na sikuwahi kuuliza miiko yao ya ukwe. Niliona aibu, nikaificha kwa ukali. Nikamwambia hii ni hadithi, si ushahidi wa mahakamani. Ampe mzee jina la kubuni, hata la mtu baki.

Ijumaa alileta ukurasa mzima bila pengo hata moja. Mzee wa hadithi aliitwa Januarius. Januarius ni mimi.

"Kwetu hakuna mwenye jina hilo," alisema, macho chini.

Nikasoma nimesimama. Kila jioni mzee Januarius alimwona mkamwana wake akirudi na daftari, akamwambia anapoteza muda. Siku moja akalificha daftari ndani ya gunia la pamba. Mwisho ulisema hivi: "Januarius hakumchukia. Alikuwa amechoka, akadhani kila mtu amechoka kama yeye."

Iliniuma. Nikatoa ile kalamu nyekundu, nikafungua karatasi ya mkuu mbele yake, nikalikata jina lake. Aliliona. Akauliza kama abadilishe jina la mzee.

Nikamwambia aliache.