Kisima Sebuleni

Bi Mazoon alikuwa akitoa kokwa za tende, baada ya sala ya alasiri, nyumbani kwake Azaiba, mjini Maskati, pale mama yake aliyekwishakufa alipoingia kwa mlango wa jikoni. Alikuwa na jembe begani na kanga mbili zilizopauka. Miguu ilikuwa na vumbi jekundu la bara ya Lindi, ambalo Maskati halipatikani hata kwa dawa. Alivua ndara, akaketi. Bi Mazoon akammiminia kahawa.

Omani, mgeni aliyetosheka huitikisa finjani; asipoitikisa, humiminiwa tena. Bi Semeni, maana ndilo jina la mama huyo, hakuijua ada hiyo. Alikunywa birika zima kwa adabu, akisubiri mwanawe achoke kumimina. Kisha akaingia sebule ya ndani, akang'oa vigae viwili, akaanza kuchimba.

Nyumba ilizoea upesi. Amur, mwana wa Bi Mazoon, mstaafu wa serikali na mtu mpole, alisema tu zulia liondolewe lisije likachafuka. Noof, binti wa Amur, aliihamisha televisheni. Udongo ulitolewa kwa ndoo, na majirani wakauomba kwa ajili ya miti yao.

Hapa niseme mji wao ulianzaje, maana wenyewe hawasemi. Huko kusini palikuwa na bonde kavu. Mwaka wa njaa Semeni alichimba hapo peke yake, na watu walimcheka, ati mwanamke anajichimbia kaburi. Maji yakatoka. Waliocheka ndio waliokuwa wa kwanza kuja na mitungi, wakajenga karibu, na pahala pakaitwa Kwa Semeni. Baadaye akaja Thani, Mwarabu mchuuzi wa nguo, koo limemkauka, akapewa kata ya maji. Mgeni njoo, mwenyeji apone, ndivyo wasemavyo. Thani akafungua duka kando ya kisima, akamwoa Semeni. Wazungu wa ramani walipopita kuuliza hapa ni kwa nani, aliyekuwa barazani ni yeye, naye hakuwa na haya. Ikaandikwa Kwa Thani. Alipohamia Omani alimchukua binti yao Mazoon, na mama akaambiwa atafuata nyuma. Hakupelekewa mtu wa kumchukua mpaka akafa.

Siku hizi watu wenye asili ya Kwa Thani walioko Maskati hukutana kila mwaka, na mwenye nyumba husimulia mwanzo wa mji. Mwaka huu zamu ilikuwa ya Amur. Bi Mazoon alimwita akamweleza haja yake, nayo ilikuwa moja tu: amtaje bibi yake.

Amur alimbusu mama yake kichwani. Akasema mama anajua vyema kwamba jina la mwanamke halitajwi mbele ya wanaume, hiyo ndiyo ada waliyoikuta. Halafu, Noof amechumbiwa. Wakwe wameuliza ukoo, nao wameambiwa mama yake Bi Mazoon alikuwa Mwarabu wa Unguja.

"Nani kawaambia hivyo?" Bi Mazoon aliuliza.

"Mimi. Na mimi nliambiwa na wewe, mama, toka mdogo."

Bi Semeni alikuwa ndani ya shimo, akisikia kila neno. Aliendelea kuchimba.

Siku ya mkutano kisima kilikuwa kimeshatoa maji. Wanaume walijaa majlisi ya mbele, wanawake wakakaa sebule ya ndani, kukizunguka. Bi Semeni alikaa ubavuni mwa binti yake, na wageni, kwa kumdhani mfanyakazi, wakawa wanampa vikombe vitupu. Sauti ya Amur ililetwa huko ndani kwa spika. Alisimulia vizuri, tusimdhulumu. Alisema Thani aliingia lile bonde na punda wake Tausi, akachimba kwa mikono yake miwili, maji yakabubujika, mji ukasimama. Tausi alipata sifa zake zote. Pale Tausi alipogoma njiani na mizigo, watu walicheka hadi machozi.

Bi Semeni alimwinamia binti yake.

"Punda katajwa," alisema.

"Naam, mama."

"Alikuwa mvivu, punda yule."

Kando yao alikaa Bi Afra, mama wa mchumba wa Noof, mwanamke mkarimu ambaye hana ubaya na mtu. Alichota kata ya maji, akanywa, akachota tena. Akasema toka azaliwe hajapata kunywa maji matamu namna ile.

"Nani kachimba?" akauliza.

 Hapo hapakuwa na mwanamume wa kulikataza jina. Bi Semeni alikuwa na udongo hadi viwikoni na jembe mapajani, akimtazama binti yake, na ilikuwa dhahiri kwamba hilo ndilo lililomleta toka huko alikokuwa. Noof naye alikuwa akimtazama bibi yake Mazoon. Bi Mazoon alifungua kinywa. Jina lilikuwa pale pale ulimini.

"Mwanangu Amur," alisema.

Bi Afra akamwombea Amur umri mrefu, na wanawake wote wakaitikia amina. Bi Semeni aliitikia pamoja nao.

Harusi ya Noof ilifana sana. Bi Semeni angali anakuja kila alasiri. Hufagia ukingo wa kisima, hunywa kahawa yake, na lile jambo hajalizungumza hata mara moja. Majirani huja kuteka, na wakiulizwa wametoka wapi husema kisimani kwa Amur. Bi Mazoon anajuta. Kila siku akiamka hujiambia leo nnasema, leo hii. Wakiwa wawili tu humwita mama, na humshika mikono akamtoa udongo kwenye kucha. Mlango ukigongwa, humwachia.