Jengo Lililofuata Mabega

Saa kumi na mbili na robo asubuhi, mkata nyasi wa klabu ya gofu alizima mashine yake, akafuta umande viatuni, akachukua fimbo ya kuazima, akaweka mpira chini na kuikabili bendera ya shimo. Wenzake walimwita Mama Mistari, kwa kuwa nyasi alizokata hazikuwahi kupinda. Siku hiyo klabu iliandikisha watakaojaribiwa kwa nafasi ya mkufunzi msaidizi, naye aliitaka nafasi hiyo kwa moyo wake wote. Daftari la majina liliwekwa kwenye mlango wa mbele, wa wanachama. Wafanyakazi walipita mlango wa jikoni tu, wala hawakuruhusiwa kufika mbele.

"Dada, mbona unaitunishia bendera kifua?" mpishi alimwambia kutoka dirishani. "Inakudai nini?"

Lilikuwa kosa lile lile la wiki tatu za mazoezi. Kinachokwenda kwenye bendera ni mpira. Mwili husimama sambamba na njia yake. Akakumbuka kwamba akikata nyasi hatazami mbali, hushika alama ya karibu. Akachagua jani kavu, hatua moja mbele ya mpira. Akapanga miguu, kisha nyonga, kisha mabega. Magoti akayalegeza.

Mabega yalipokaa sawa, jengo la klabu liligeuka nusu mzunguko likajipanga naye. Vikombe viligongana kabatini. Mlango wa jikoni ukatazama barabara. Mlango wa wanachama ukatazama mapipa ya taka.

Akapiga. Mpira ulipaa, ukatua hatua mbili kutoka kwenye bendera.

"Kimbia sasa!" mpishi alisema. "Mlango wetu ndio wa mbele!"

Alikimbia, moyo ukimruka kwa furaha, fimbo ingali mkononi. Alimkuta meneja mlangoni akikaza skrubu za kibao cha "Wanachama Tu". Meza yenye daftari ilikwisha kuhamishiwa hapo, kando ya majiko.

"Umeamkaje, Mama Mistari? Hebu nishikie hii bisibisi."

Akaishika. "Bosi, nimekuja kujiandikisha."

"Karibu sana. Daftari liko mbele."

"Na mimi nipite wapi?"

"Nyuma, mama. Kama siku zote."

Wanachama walifika, wakapita katikati ya masufuria, wakaisifu harufu ya vitunguu. Saa tatu daftari lilifungwa likiwa na majina manne, lake halimo. Mkata nyasi, mikono ikiwa bado inamsisimka kwa utamu wa pigo lile, aliwasha mashine. Nyasi za upande mpya wa mbele zilikuwa ndefu mno.