Mate ya Aling Pacita

Mume wa Aling Pacita alipokuwa hai, saa ya hadithi kwenye maktaba ya mji ilikuwa haina mwisho. Mang Teroy, Mang ya heshima kwa mwanamume kama Aling kwa mwanamke, alifungua kijitabu cha watoto chenye picha kubwa na maneno machache, kitabu cha sisimizi anayetafuta sukari, na ilipofika adhuhuri sisimizi yule alikuwa ameshakwenda Saudia kuendesha gari la tajiri, amewajengea wazazi wake ghorofa, na amerudi na chokoleti kwa kila jirani. Hayo yote hayakuandikwa popote. Wanasema kuku wa nyuma ya soko waliacha kutaga Jumamosi asubuhi ili wasikilize, na hakuna aliyewahi kuwakanusha kuku hao.

Kisha Mang Teroy akafa, wakati wa mvua. Marivic, dada mkutubi, akamwomba mjane wake akikalie kiti kile. Aling Pacita alikubali kwa sababu kukataa kungehitaji maneno mengi zaidi.

Alisoma kilichoandikwa, basi. Sisimizi alitafuta sukari, akaipata, kitabu kikafungwa. Watoto walibaki sakafuni wakimtazama kama watu waliofika harusini wakakuta masufuria yameshaoshwa. Yeye hakuona tatizo. Hakuwa na huzuni pia, huzuni angeijua. Ilikuwa kama mguu uliolaliwa vibaya ukafa ganzi, ila mguu wenyewe ni yeye mzima. Alisahau kula. Watoto walipomwamkia, wakiuchukua mkono wake na kuugusisha kwenye mapaji yao ya uso, aliuacha uende na urudi kama kitambaa cha jikoni.

Watoto wakaanza kupungua. Marivic alimweleza kwa upole lakini bila kuzunguka: ofisi ya mji inakitaka chumba kile kwa akina mama wanaocheza muziki kupunguza unene, na kinachowazuia ni hao watoto wa Jumamosi tu. Wakiisha, vitabu vyao vitatiwa kwenye makasha, na saa ya Mang Teroy itakuwa imekwisha. Aling Pacita alijua kwamba habari hiyo ilipaswa kumuuma. Akangoja imuume. Haikumuuma. Hata hivyo Jumamosi iliyofuata alifika mapema kuliko mkutubi, maana katika vitu vyote vya mumewe, saa hiyo hakutaka izikwe na mkono wake.

Siku hiyo ndiyo alipomsifu Butsoy.

Butsoy alikuwa mtoto wa miaka minne mwenye mashavu ya kuweza kukaliwa. Alikuja kumwamkia, na Aling Pacita, ambaye alikumbuka kwamba watoto hutaniwa kidogo, akamwambia, "Umenona vizuri," kwa sauti ya mtu anayesoma karatasi ya sabuni. Halafu akanyamaza.

Kunyamaza huko ndiko kulikoleta balaa. Katika mji ule, anayemsifu mtoto huongeza papo hapo maneno mawili, pwera usog, kuiondolea sifa madhara yake. Watu huyasema hata usingizini. Sifa isiyofuatwa na maneno hayo humwingia mtoto tumboni ikawa homa na gesi, hasa ikitoka kwa mtu mwenye njaa, na dawa yake ni mate ya yule yule aliyesifu.

Jumatatu bibi yake Butsoy akawa mlangoni. Aling Choleng alikuwa muuza vitumbua vya mchele langoni mwa soko, mwanamke aliyeweza kumnyamazisha askari wa trafiki kwa kumtazama tu.

"Pacita. Jumamosi ulikula nini kabla ya kwenda kusoma?"

Aling Pacita akafikiri. "Sijui, dada."

"Hujui maana yake hukula. Ukamwendea mjukuu wangu na tumbo tupu, ukamwambia amenona, ukafunga mdomo."

"Nilimsifu tu."

"Ndiyo. Sasa anatapika hiyo sifa yako tangu juzi."

Alisema pia kwamba zahanati wamempa dawa ya maji, na wanamnywesha, ili pasiwe na wa kununa. Lakini wanawake wa soko wameshakata shauri: hakuna atakayepeleka mtoto wake kusomewa na mjane mwenye njaa. Aling Pacita akavaa kandambili, akamfuata.

Butsoy alikuwa amelala mkekani, fulana imepandishwa hadi kwapani, mashavu yamepungua kidogo. Aling Pacita akatia dole gumba mdomoni. Lilitoka kavu. Akajaribu tena, kavu vile vile. Aling Choleng alimtazama kama anavyotazamwa mteja aliyeshakula vitumbua akasema amesahau pochi, kisha akaingia jikoni, akarudi na kipande cha ukwaju wenye chumvi, akamsokomeza mdomoni.

Mate yakaja yenyewe. Tangu mazishi, hicho kilikuwa kitu cha kwanza mwili wake kufanya bila yeye kuuamuru.

Akampaka mtoto msalaba mdogo juu ya kitovu. Tumbo lilikuwa la moto, limekaza kama ngoma. Dole likakaa pale zaidi ya ilivyohitajika.

"Dole lako baridi," alisema Butsoy.

"Ndiyo," alisema Aling Pacita. Kisha, kwa kuchelewa siku mbili, "Pwera usog."

Jioni mtoto alikunywa uji na kudai mwingine. Dawa ya zahanati ilikuwa na madai yake, lakini hakuna aliyeiuliza. Kesho yake sokoni ilishasemwa kwamba mate ya Aling Pacita yalipogusa lile tumbo yalichemka kama maji kwenye chuma cha moto, na moshi ukatoka dirishani. Aling Choleng hakusema hivyo. Alisema tu kwamba hajui huo moshi ulikuwa wa nini.

Jumamosi wanawake wale wale walileta watoto, na wadogo wao, na wa majirani. Walitaka mate kabla ya kusomewa, kama chanjo. Aling Choleng alisimama mbele ya kiti, kitumbua mkononi, akatangaza kwamba hakuna kitabu kitakachofunguliwa kabla msomaji hajala, na chumba kizima kikamtazama Aling Pacita akitafuna mpaka akameza. Bwana wa ofisi ya mji alikuja na futi ya kupimia vioo vya wacheza muziki. Alichungulia, akakosa pa kuweka mguu, akamwambia Marivic kwamba akina mama watatafutiwa kwingine.

Aling Pacita alipita kwenye foleni, ukwaju shavuni. Fulana zilipandishwa. Matumbo ya vuguvugu, matumbo baridi ya kuoga asubuhi, moja lenye mchanga, moja lililocheka kabla halijaguswa. Hakusikia furaha. Alisikia matumbo.

Kisha akakaa, akafungua kitabu, akasoma kilichoandikwa, mpaka mwisho. Hakuna aliyeinuka; akina mama walikuwa hawajamaliza kupumzika. Akangoja. Alipoona bado wamekaa, akarudi ukurasa wa kwanza, akaanza upya, polepole zaidi.