Mke wa Kufungua Boma

…ukiugeuza mapema unanasa, ukichelewa unaungua, kwa hiyo Perez alikaza macho kwenye karai, migongo wazi sita ya mbuta ikitokota ndani ya mafuta, kichwa na mifupa na vinyama vilivyosahauliwa na kisu cha kiwandani, nyama yenyewe imeshapanda ndege kwenda Ulaya, na hakumtazama shemeji yake Amolo aliyekalia kreti ya soda akihutubu, wala mumewe Oduor aliyesimama nyuma ya ndugu yake na kofia mkononi, wala Elsie, mke wa mjini, aliyechuchumaa kando ya moto bila kuambiwa… acha waongee, watu watatu watoke Migosi mpaka huku Obunga kwa jua hili la saa sita, hawakuja kula samaki. “Mama Ogola,” Amolo alikuwa akisema, “sisi hatukukuja na vita, tumekuja na heshima, wewe ndio mkubwa, wewe ndio mikayi,” haya, leo amekuwa mikayi tena, mke wa kwanza, mwenye nyumba inayotazama lango, na hilo lango liko wapi, boma lenyewe liko wapi, miaka ishirini na tano Oduor ni mume wa mtu na bado ni mtoto kwa boma la baba yake, maana alikuwa mtu wa mjini, fundi wa kiwanda cha vitambaa, ana nyumba ya kupanga, ana redio, boma la nini, na sasa kiwanda kimepunguza watu na barua amepewa, ndipo amekumbuka kwamba mwanamume wa Asembo hazeekei kwa nyumba ya kupanga, na boma nalo halifunguliwi hivi hivi, mtu hutoka alfajiri na jogoo, na shoka, na moto, na mwanawe wa kwanza, na mke wake wa kwanza, nyumba isimame siku hiyo hiyo, na usiku wake mke huyo alale humo na mumewe kabla ya mwingine yeyote, bila hivyo wazee hawakanyagi… na Oduor, jamani Oduor, alidhani karatasi ya ndoa ya kwa DC inatosha, mwezi uliopita akamchukua Elsie na jogoo kwapani wakaenda, wazee wakamsimamisha njiani, mke wako wa kwanza yuko wapi, amekufa? hajafa, ng'ombe za mahari zilirudi? hazikurudi, basi rudi ukamlete, na Oduor akarudi mjini na jogoo wake mzima mzima, wanawake wa samaki wa Asembo Bay walimletea Perez habari hiyo wakishika mbavu, naye akacheka, siku mbili alicheka, siku ya tatu akajua watakuja.

“Ni siku moja tu, shemeji,” Amolo alisema, “halafu ukitaka unarudi kwa biashara yako, nani atakufunga kamba?” Siku moja tu… aliugeuza mgongo wa kwanza, bado, rangi haijashika… siku hii yenyewe aliingoja miaka saba, asiwadanganye watu, aliingoja, aliipanga usiku kitandani mwake peke yake, Oduor atakuja ameinamisha kichwa, yeye atakuwa amevaa lile gauni la buluu la kanisani, atamwacha asimame juani kidogo, kisha atasema maneno yake, maneno aliyokuwa ameyapanga moja baada ya jingine, na leo Oduor amekuja, kichwa ameinamisha kweli, jua linamchoma kweli, na yeye Perez amevaa leso yenye magamba ya samaki na yale maneno hayapo, anayatafuta hayapo, anachokiona ni shingo ya Oduor tu, imekuwa nyembamba, kola imemkaa kama ya kuazima, na mguu wa kulia unamuuma, anasimamia wa kushoto, lo, huyu ndiye niliyekuwa nikimlilia? Hasira yako iko wapi, mwanamke, si uliilisha mwenyewe… “Mama Ogola, unanisikia?” “Nasikia, baba, sema tu.”

Mwaka ule wa njaa, mwaka wa mahindi ya njano ya msaada, ndio alitoka kijijini Asembo na kuku mmoja kumletea mumewe, maana barua zilikuwa zimekatika, akaulizia nyumba mpaka akaonyeshwa, akabisha, na aliyefungua ni msichana mwembamba na mtoto ubavuni, “Karibu mama, unatafuta nani?” kwa Kiswahili cha watu wa Port Victoria, kitamu kitamu, na nyuma yake ukutani kulikuwa na picha, Oduor na suti, msichana huyu huyu na maua mkononi, mbele ya ofisi ya DC, na Perez akasema, mpaka leo hajui neno hilo lilitoka wapi, “Samahani, nimepotea nyumba,” akageuka, akaenda soko la Kibuye akamuuza yule kuku, na hela za kuku ndizo zilinunua samaki wake wa kwanza, hakurudi Asembo kuishi wala hakumwambia mtu, hata mama yake, hata mchungaji, kwamba alifika na kuona, ilikuwa siri yake na ilikuwa heshima yake, kwamba aliondoka mwenyewe, hakufukuzwa, na yule msichana hakujua kamwe ni nani aliyesimama mlangoni pake.

“Na huyu Ogola,” Amolo alisema, “kijana amefikisha miaka ishirini na nne, akioa atamweka bibi wapi kama baba hana boma?” hapo Amolo aligonga penyewe, hapo ndipo angempata, kama ingekuwa mwezi uliopita angempata, maana kwa Ogola angelala hata juu ya miiba, lakini Jumapili Ogola alikuja mwenyewe na Lornah wake, mchumba, wakakaa hapo hapo kwenye kreti, akasema, mama, wakija usikubali kwa sababu yangu, sisi tumepata chumba Migosi, fanicha zangu za kuuza nitakuwa natengenezea nje, hatutaki mambo ya shamba, na Lornah akatabasamu akiangalia viatu vyake, na Perez akajibu vizuri, mwanangu vizuri, kisha walipoondoka alikalia kreti ile ile mpaka moto ukazima, kwa sababu mtoto amemwondolea mzigo na amemwondolea sababu pia, sasa akisema ndiyo ni yeye, akisema hapana ni yeye, hakuna wa kumsingizia…

Ndipo Elsie akafungua mdomo, polepole, akisukuma kuni ndani ya moto kana kwamba anaongea na kuni, “Mama, ile siku ya kuku, mimi nilijua,” na Perez akauacha mgongo wa tatu nusu umegeuzwa, “nilijua ni wewe, Ogola ana uso yako, picha yake ilikuwa kwa sanduku ya baba yake, uliposema umepotea nyumba nilijua, nikafunga mlango, nikaketi chini nikalia, lakini sikukuita. Singeweza kukuita, mama. Ningeenda wapi na mtoto?” Oduor akauliza siku gani, kuku gani, na Perez alihisi kitu kikidondoka ndani yake, akangoja kimuume, hakikumuuma, miaka saba ameibeba siri ambayo haikuwa siri, wameibeba wawili, huyu upande wake, yeye upande wake, na katikati yao mwanamume anauliza kuku gani… masikini Elsie, wanawe ndio watakaokosa pa kujenga, ana karatasi ya serikali na haina kazi mbele ya wazee, mimi nina ng'ombe ambazo hazikunipa mume, nani alitupanga hivi, lakini kumhurumia si kulala na mumewe, hapana, huruma itapikwa sufuria nyingine.

“Fikiria pia wewe mwenyewe,” Amolo alishusha sauti, akaikausha kabisa, “bila boma, siku Mungu akikuita, tutakulaza wapi? Kwenu hawatakupokea, wewe ni mke wa watu.” Ilimpata, kwa nini aseme uongo, maana hilo ndilo lililokuwa likimwamsha usiku, kwamba hatakuwa na upande wake wa kushoto wa nyumba, hatakuwa na mlango wa kuzikwa mbele yake, na amewazika wao wote, mama mkwe alipokufa walimfuata yeye, njoo mikayi, akapika siku nne, baba mkwe alipofuata wakamfuata tena, akapika, mashemeji wawili, akapika, akakandika kuta, akalia kilio cha kwanza kama inavyotakiwa, kisha akapanda gari akarudi Obunga hakuna aliyeuliza amefikaje, na kila mara alienda kwa sababu ya hofu hiyo hiyo, watanilaza wapi… mgongo wa nne ulikuwa tayari, aliugeuza, mafuta yakamrukia mkononi, akayapangusa kwa leso, na alipotafuta ile hofu mahali pake pa kila siku aliikuta imechoka kama yeye, imekaa chini, haisimami.

“Sasa unasemaje, Mama Ogola?” Amolo aliuliza, na Oduor akaihamisha kofia kutoka mkono huu kwenda mkono ule. Atasema hapana, ameshajua, atasema kwa upole, hata chai atawapa, ila amalizie kwanza hii miwili iliyobaki isije ikaungua. Na wapi watamlaza, hilo watahangaika nalo wenyewe, wakutane, wabishane, wachimbe watakapochimba, hayo yatakuwa matanga ya kwanza ya ukoo ule ambayo Perez hatapika.