Kifua cha Milembe Hakiuzwi

Nilitoka kuchuma pamba nikakuta watu wamejaa uani kwa Ngeleja, mwenyekiti wetu wa kijiji. Katikati yuko kijana wa Mwanza, Novatus, na ndoo ya dawa na gunia la picha za eksirei. Ananunua.

"Mwangaluka, baba," akaniamkia. "Huu weusi unaouona kwenye picha ni madini ya fedha. Fedha kweli, hii ya pete na mikufu. Hata kwenye sola wanaitia, maana hakuna madini yanayopitisha umeme kuizidi."

Akatumbukiza picha ya mguu wa mtu. Weusi ukabanduka kama ngozi, ukazama chini kama tope.

"Tope hilo nikiliyeyusha motoni, linang'aa."

"Na mguu?" nikauliza.

"Mguu gani, baba? Inabaki nailoni tu."

Watu wakacheka. Mimi sikucheka, kwa sababu picha iliyofuata mkononi mwake niliijua. Kifua cha marehemu mke wangu, Milembe. Nilikuwa nimeitundika ukutani nyumbani, sina picha yake nyingine.

"Nani kaingia kwangu?"

"Mimi," akasema Ngeleja bila aibu. "Takataka zote za hospitali zitolewe. Usafi wa kijiji, Mayala."

Takataka! Siku ile hospitalini walimpiga picha, wakasema wa kuisoma yuko semina. Wakubwa wanakula posho huko, Milembe akakata pumzi benchini, picha iko mapajani, haijasomwa na mtu. Leo ndiyo wanajua ina thamani!

Novatus alishaichovya pembe. Nikaikwapua, dawa ikaniunguza vidole.

"Utalipwa, mzee!"

"Mnunue mwenyekiti, ndiye anauzika. Huyu hauzwi."

Ngeleja akafoka. "Mayala, unabishana na serikali?"

"Serikali ilishamwona Milembe mara moja, ikampa kisogo. Sasa itamtazama."

Bega la kushoto lilikuwa limefutika, lile alilozoea kuwekea jembe. Mbavu zimebaki zote.

Ukutani nimeitoa. Nimeifunga kati ya nguzo mbili kwenye uzio wangu wa minyaa, kando ya njia ya ofisi ya kijiji. Jua likichomoza nyuma yake, mbavu zinawaka nyeupe kabisa. Ngeleja hupita hapo kila asubuhi, na njia nyingine hana.