Malori ya Komanda Mukalay

Mwaka ule wa 1993, Wakasai, waliohesabiwa wageni, walipofukuzwa majumbani mwao na kulundikana kwenye kituo cha treni cha Kolwezi, Komanda Mukalay alikuwa akinunua malori sita ya kijeshi kwa Mzungu mmoja kutoka Ulaya. Rachelle, karani wake, aliandika kila neno la mazungumzo. Siku mbili nzima Mzungu hakushusha bei hata kidogo, na Komanda, aliyejua bunduki kuliko injini, hakuweza kupima kama malori yalistahili bei hiyo.

"Mumutafute Badibanga," akasema mwishowe.

Badibanga alikuwa fundi wa malori ya mgodi mpaka alipoachishwa kazi kwa kuwa Mkasai. Sasa alilala kituoni na mkewe Ndaya, mwenye mimba ya miezi tisa. Walikuwa wamepangiwa behewa lisilo na paa, na mvua ilikuwa hainyamazi. Hata hivyo alikuja amefunga vifungo vyote vya shati. Rachelle, ambaye bado alikuwa akinyonyesha, alimuuliza kwanza habari za mkewe.

"Anangoya treni na mutoto pamoja," akajibu. "Sijue nani atatangulia."

Mzungu alitaka lori lijaribiwe uwanja wa ndege, palipo tambarare. Badibanga akacheka.

"Patron, kwetu kamio inajaribiwa mu shimo."

Badibanga akayakagua yote sita, kisha wakalijaza moja mawe. Badibanga akamketisha Mzungu kando yake, akaipanda barabara ya kutokea shimo la mgodi la Musonoi. Katikati ya mwinuko akasimama, akavuta breki ya mkono, akaondoa mguu kwenye pedali.

Lori likaanza kurudi nyuma. Mzungu akafungua mlango, akaruka. Badibanga akakanyaga breki, akatoa kichwa dirishani.

"Patron, unaenda wapi? Bado hatuyaongea bei!"

Askari waliokuwa wakitazama wakashika mbavu kwa kicheko. Komanda akamkimbilia Badibanga, akamwita baba kwa heshima. "Tata Badibanga, niambie. Ninunue ao niache?"

"Jibu niko nayo. Lakini kwanza bibi yangu Ndaya aingie mu wagon ya kufunikwa. Na karatasi yenye sahihi yako."

"Unanilipisha mi?"

"Weye unanunua, mi nauzisha. Ni soko, Komanda."

Rachelle hakungoja kuambiwa. Aliandika amri juu ya goti: Ndaya na mumewe, behewa la abiria. Akaipiga muhuri, akamsogezea Komanda. Komanda akamkazia macho, kisha akatia sahihi.

"Injini ni nzima," Badibanga akasema. "Breki za mukono zimekwisha. Aweke mpya zote sita, apunguze nusu ya bei. Akikatala, mumupandishe tena."

Mzungu hakukataa. Na Rachelle akaandika jina la Badibanga kwenye taarifa, wazi, kama mshauri wa jeshi.

Badibanga alikwisha kushika njia ya kituoni, karatasi mkononi, mbio. Ghafla akageuka.

"Batoto! Mpaka breki mpya zifike, muweke mawe nyuma ya magurudumu!"

Kisha akakimbilia kwa Ndaya. Na askari wale wale waliopewa kazi ya kumzuia asirudi nyumbani kwake wakaitika, "Ndiyo, Tata," wakaenda kutafuta mawe.