Kilo za Mgonjwa Aliyetangulia

…na bado anasema mfumo wetu wa kukokotoa dozi hauna kosa, anasema kwa sauti ileile ya kuagiza mkate, simu iko katikati ya meza na wakili wa hospitali anakohoa upande wa pili, na bosi wetu Wagdi anamwambia bila kupepesa jicho, "Ustadh, nesi aliandika uzito mwenyewe, mashine haibuni kitu," haibuni, kweli haibuni, inaazima tu, Mungu wangu, inaazima kwa mgonjwa aliyetangulia, na ushahidi ninao hapa machoni pangu, mistari michache ya msimbo wa Java kwenye laptop, nimeisoma nikidhani nimekosea, nikairudia, na aliyeiandika amekaa ubavuni mwangu anakoroga chai ambayo sukari imeshayeyuka zamani, Rifaat, mwalimu wangu, aliyenitoa kwenye kazi ya kupokea simu kule Shubra akawaambia huyu msichana ana kichwa… yeye ndiye aliyenifundisha jambo lenyewe kwa mfano wa mkahawa, sikiliza Nermin, alisema, mwenye mkahawa hanunui gilasi mpya kila mteja anapokaa, atafilisika, anasuuza ileile anampa mwingine, na programu nayo ikitengeneza rekodi mpya kwa kila mgonjwa kumbukumbu inajaa, mashine inasimama kuzoa taka zake huku watu wamepanga foleni hadi barabarani, kwa hiyo usitengeneze mpya, chukua iliyotumika, ifute, itumie tena, na ilikimbia kweli, siku ile tulikula vitamu vya kunafa, Wagdi akampigia makofi… lakini suuza basi, Rifaat, suuza, umefuta jina, umefuta umri, umefuta dawa, ile sehemu ya uzito uliyoiongeza baadaye hukuifuta, ikiachwa wazi inabaki na kilo za mtu wa kabla, na nesi Hanaa aliiacha wazi, mizani ya wodi ilikuwa mbovu, aliyasema hayo hapahapa akilia, "Sikuandika uzito wowote, wallahi," Wagdi akamcheka puani, sote tukamwona mwongo, hata mimi, na pampu ya dripu ilichukua kipimo moja kwa moja kwenye mfumo, mtoto wa miaka minne, Gamila, akaingiziwa dawa ya mwanamume wa kilo themanini, sasa anapumua kwa mashine, na kesho Hanaa anapelekwa kwa mwendesha mashtaka, mnyonge mnyongeni haki yake mpeni, sisi hata hiyo haki tunamnyima… lakini si kazi yangu mimi, aseme Rifaat mwenyewe, anajua, goti lake linatikisa meza nzima, mwache aseme, mwanamume mzima, ana watoto watatu, nikisema mimi nimemmaliza, na nani ataniajiri tena, aliyemchoma mwalimu wake… ananiinamia, ameona kilichomo kwenye skrini yangu, "Funga hiyo laptop, binti yangu," ananong'ona, "nitaisahihisha mwenyewe taratibu, baada ya sikukuu, na mtoto atapona inshallah," binti yangu, neno hilo lilinifaa sana mwaka aliokufa baba, na mkono wangu umeshashika mfuniko, unamtii kabla yangu, baada ya sikukuu, sawa, sikukuu ni wiki ijayo, Wagdi anamuuliza wakili habari za ndoa ya mwanawe… wiki ijayo, lakini hospitali hazifungi, mfumo hatukuuzima, nani angeuzima wakati tunaapa hauna kosa, uko kazini hivi sasa yeye akikoroga chai, katika kila hospitali tulikouweka, na mahali fulani mizani imekufa, nesi mwenye haraka anaacha nafasi wazi akijua mashine itamuuliza, haitamuuliza, itampa jibu… nilikuwa nampima Hanaa dhidi ya Rifaat, mtu kwa mtu, mpumbavu mimi, siifungi laptop, nitamwambia wakili, Wagdi bado anacheka na simu, chai bado ya moto, hakuna anayenitazama, naogopa mpaka meno yananiuma, nisamehe mwalimu wangu, au usinisamehe, kuna mtoto analazwa kitandani sasa hivi na sijui hata jina lake.